Wastani na mediani kwenye maswali ya utoshelevu wa data ya GMAT

Kwenye GMAT, mtihani wa kujiunga na shule za biashara, swali la utoshelevu wa data linataka ujue kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu. Jibu lenyewe si kazi yako. Mtu aliyezoea mitihani ya shule hujikuta anakokotoa hadi mwisho, anapata namba safi kabisa, halafu anachagua herufi ya jibu isiyo sahihi kwa sababu hakuangalia kama moja ya kauli mbili za swali peke yake ingemfikisha. Kwenye wastani na mediani (namba ya katikati zikishapangwa) kosa hili huja haraka zaidi, kwani hesabu zenyewe ni nyepesi na mkono unakimbia kabla ya akili.

Tangu toleo la sasa la GMAT lilipoanza Novemba 2023, maswali haya yako kwenye sehemu iitwayo Data Insights: maswali 20 ya aina tano kwa dakika 45, sawa na dakika 2 na sekunde 15 kwa swali. Kikokotoo kipo kwenye skrini. Kwa mada hii hutakihitaji sana, na ukijiona unakigusa mara mbili kwenye swali moja la mediani, simama, kuna kitu umekipita.

Kila swali lina maelezo, swali lenyewe, na kauli mbili. Machaguo hayabadiliki kamwe, kwa hiyo yakariri kabla ya siku ya mtihani:

A – kauli (1) peke yake inatosha, (2) peke yake haitoshi.
B – kauli (2) peke yake inatosha, (1) peke yake haitoshi.
C – zikiunganishwa zinatosha, lakini hakuna inayotosha peke yake.
D – kila moja inatosha peke yake.
E – hata zikiunganishwa hazitoshi.

Hatua ya 1: Jua unaulizwa thamani au ndiyo/hapana

"Mediani ni ngapi?" ni swali la thamani. Taarifa inatosha pale tu inapoacha namba moja, basi. Zikibaki mbili, haitoshi.

"Je, wastani unazidi 6?" ni swali la ndiyo au hapana. Hapa huhitaji kujua wastani ni ngapi. Unahitaji jibu lisiloyumba: ndiyo kila wakati, au hapana kila wakati. Hapana ya kila wakati inatosha sawasawa na ndiyo ya kila wakati. Watahiniwa wengi wanalijua hili kwa mdomo, lakini wakifika kwenye "hapana" mkono wao unaandika "haitoshi". Ukishasoma swali, andika pembeni "thamani" au "N/H". Ni sekunde mbili tu, na zinaokoa maswali mazima.

Hatua ya 2: Geuza swali liwe la jumla au la nafasi

Wastani ni jumla kugawanya kwa idadi. Kwa hiyo swali lolote la wastani ni swali la jumla. Ukijua idadi na wastani, unayo jumla. Ukijua jumla bila idadi, huna wastani. Huhitaji kuijua namba hata moja kati ya zinazojumlishwa. Mtihani ukiandika neno "average" bila maelezo mengine, unamaanisha wastani huu wa kawaida.

Mediani ni suala la nafasi. Panga namba kutoka ndogo kwenda kubwa. Zikiwa witiri kwa idadi, mediani ni ile iliyosimama katikati: kwenye namba 5 ni ya tatu, kwenye 7 ni ya nne. Zikiwa shufwa, mediani ni wastani wa zile mbili za katikati, na inaweza isiwe mojawapo ya namba za seti. Mediani haina habari na ukubwa wa zile zilizoko pembeni. Kwenye 4, 9, 9, 9, 14, badilisha 14 iwe 14,000: mediani bado ni 9, lakini wastani umeruka kutoka 9 hadi zaidi ya 2,800.

Hatua ya 3: Chukua masharti yote ya maelezo kabla ya kugusa kauli

Maneno manne yanaamua mambo: namba kamili (… −2, −1, 0, 1, 2 …), chanya, tofauti, na zinazofuatana. Lingine ni idadi ya namba kwenye seti. Yaandike. Sharti ambalo halikutajwa, halipo. Kama swali halikusema namba ni kamili, 9.5 inaruhusiwa. Kama halikusema ni chanya, −50 inaruhusiwa. Kama halikusema ni tofauti, zote zinaweza kuwa sawa.

Tuone hilo kwa karibu.

*Seti ina namba 3, 8, 10, 15 na x. Je, mediani ni 10?*
*(1) x > 9*
*(2) Wastani wa seti ni 10.*

Zile nne zinazojulikana zimeshapangwa. x ikiwa 8 au chini, mediani ni 8. x ikiwa 10 au zaidi, mediani ni 10. x ikiwa kati ya 8 na 10, mediani ni x yenyewe. Yaani namba moja isiyojulikana, hata ikiwa milioni, haiwezi kuivuta mediani nje ya 8 hadi 10. Ukishaliona hili, swali limegeuka na kuwa: je, x ni 10 au zaidi?

Kauli (1): x inaweza kuwa 12, jibu ndiyo, inaweza kuwa 9.5, jibu hapana. Haitoshi. Kauli (2): jumla ya tano ni 50, zile nne ni 36, x ni 14. Ndiyo. Inatosha. Jibu ni B.

Sasa ongeza neno moja kwenye maelezo: "x ni namba kamili." Kauli (1) inasema sasa x ni 10 au zaidi, na jibu ni ndiyo siku zote. Herufi imehama kutoka B kwenda D, na hakuna namba hata moja iliyobadilika. Ndiyo maana tunasisitiza hatua hii kuliko nyingine zote.

Hatua ya 4: Pima kauli (1) peke yake, halafu (2) peke yake

Kauli (1) ikitosha, kilichobaki ni A au D. Isipotosha, ni B, C au E. Kisha funika kauli (1) kwa kidole, kweli kabisa, na usome (2) kana kwamba hujawahi kuiona ile ya kwanza. Taarifa ya (1) kuvujia kwenye (2) ni ugonjwa wa kawaida: umetoka kujua jumla ni 40, na bila kujijua unaitumia tena.

Kuunganisha kauli ni kwa pale tu zote mbili zimeshindwa.

Ili kuonyesha kauli haitoshi, tafuta mifano miwili inayotii masharti yote na kauli yenyewe, lakini inatoa majibu tofauti. Mifano miwili tofauti ni ushahidi kamili. Mifano miwili yenye jibu moja haithibitishi kitu. Hata kumi haithibitishi. Kwa hiyo usijaribu namba zinazofanana. Anza na seti tulivu (zote sawa au zenye nafasi sawa), halafu nenda kwenye seti kali: nyingi zikiwa ndogo kabisa zinavyoruhusiwa na moja kubwa mno. Kama hasi au desimali zimeruhusiwa, zijaribu. Ikiwa baada ya hapo jibu bado haliyumbi, acha kubahatisha na utafute sababu ya kialjebra.

Hatua ya 5: Kwa maswali ya "je, inazidi", sukuma hadi mwisho

Hapa ndipo penye maswali matamu zaidi ya mada hii.

*Seti ina namba kamili chanya 5. Je, wastani wake unazidi 6?*
*(1) Mediani ni 10.*
*(2) Namba kubwa kabisa ni 20.*

Haraka haraka utasema mediani haisemi chochote kuhusu wastani, kwa hiyo (1) haitoshi. Utaunganisha na (2), utapata ndiyo, utajaza C. Umekosa.

Chukua kauli (1) na uifanye jumla iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Namba ya tatu ni 10. Mbili za kwanza haziwezi kushuka chini ya 1. Mbili za mwisho haziwezi kushuka chini ya 10, kwani ziko baada ya mediani. Jumla ndogo kabisa ni 1 + 1 + 10 + 10 + 10 = 32, na wastani mdogo kabisa ni 6.4. Unazidi 6, daima. Inatosha.

Kauli (2): 1, 1, 1, 1, 20 ina wastani 4.8, 20 zote tano zina wastani 20. Haitoshi. Jibu ni A.

Njia ni ile ile ukiulizwa kuhusu namba kubwa kabisa, ila unasukuma upande wa pili:

*Seti ina namba kamili chanya 5. Je, kubwa kabisa inazidi 20?*
*(1) Wastani ni 8.*
*(2) Mediani ni 10.*

Kauli (1) inatoa jumla 40. Seti 8, 8, 8, 8, 8 inajibu hapana. 1, 1, 1, 1, 36 inajibu ndiyo. Haitoshi. Kauli (2) peke yake inaiacha kubwa kabisa huru: inaweza kuwa 10, inaweza kuwa 1,000. Haitoshi. Ziunganishe: jumla 40, ya tatu ni 10. Ili ya mwisho iwe kubwa kadiri inavyowezekana, punguza nyingine zote: 1, 1, 10, 10, kisha inabaki 18. Haiwezi kufika hata 19. Jibu la swali ni hapana, kila mara, na herufi ni C.

Sasa ondoa neno "chanya". Seti −20, 1, 10, 10, 39 ina jumla 40 na mediani 10, na kubwa kabisa ni 39. Seti 4, 6, 10, 10, 10 nayo ina jumla 40 na mediani 10, na kubwa kabisa ni 10. Herufi inakuwa E. Ukiondoa "kamili" badala ya "chanya", namba mbili za kwanza zinaweza kusogea karibu na sifuri bila kuifikia, kwa hiyo ya mwisho inabaki chini ya 20, C inasimama. Lakini kama swali lingekuwa "je, inazidi 18?", kuondoa "kamili" kungeivunja. Jaribu mwenyewe kwa 0.5, 0.5, 10, 10, 19.

Na zikiwa namba *tofauti*? Basi ndogo ni 1 na 2, baada ya 10 inakuja 11, na kubwa haivuki 16. Kosa la kawaida hapa ni kuandika 1, 1, 10, 10 kwa mazoea wakati swali limekataza kurudia.

Wastani na mediani zikilinganishwa

Namba zenye nafasi sawa (5, 8, 11, 14, au namba kamili zinazofuatana) zina wastani sawa na mediani, na zote mbili ni sawa na nusu ya jumla ya ya kwanza na ya mwisho. Ukiambiwa namba kamili 5 zinafuatana, taarifa moja inayotaja wastani, au kubwa kabisa, au ndogo kabisa, inakupa seti nzima.

Kinyume chake si kweli, na mtihani unapenda sana kutegea hapo. Wastani kuwa sawa na mediani hakumaanishi nafasi ni sawa. Seti 1, 1, 4, 5, 9 ina jumla 20, wastani 4, mediani 4. Nafasi zake ni 0, 3, 1, 4. Weka seti hii kichwani kama silaha: kauli ikisema "wastani ni sawa na mediani" na ukashawishika kudhani namba zinafuatana, ikumbuke.

Kwa namba tatu kuna mkato mzuri. Zikiwa a < b < c, mediani ni b. Wastani unaizidi mediani pale tu a + b + c > 3b, yaani a + c > 2b. Kwa maneno: pengo la juu, c − b, ni pana kuliko pengo la chini, b − a. Usiupeleke mkato huu kwenye namba tano. Kule mapengo yote yanahesabiwa.

*a, b, c ni namba kamili, a < b < c. Je, wastani unazidi mediani?*
*(1) c − b > b − a*
*(2) c = 2b*

Kauli (1) ni swali lenyewe limevaa nguo nyingine. Inatosha. Kauli (2): weka 2b mahali pa c, na swali linabaki a + 2b > 2b, yaani a > 0? Hatujui. Seti 3, 5, 10 ina wastani 6, ndiyo. −1, 5, 10 ina wastani chini ya 5, hapana. Haitoshi. Jibu A. Maelezo yangesema "namba kamili chanya", lingekuwa D.

Swali jingine la namba tatu huwaangusha watu kwa sababu tofauti kabisa. *Mediani ya x, y na 10 ni ngapi? (1) Wastani ni 10. (2) x + y = 20.* Kauli zote mbili zinasema jambo moja: x + y = 20. x na y hazijulikani na hazitajulikana, na wengi hukimbilia E. Lakini x ikiwa chini ya 10 kwa kiasi fulani, y iko juu kwa kiasi kile kile. Na zikiwa sawa, zote ni 10. Kumi haitoki katikati. D. Pia, kauli mbili zikisema jambo moja kwa maneno tofauti, jibu haliwezi kuwa A, B wala C. Ni D au E.

Makundi mawili yakichanganywa

Wastani wa wanaume ni alama 70, wa wanawake ni 80. Wastani wa wote utapatikana ukijua uwiano wa idadi zao. Idadi kamili haihitajiki. Wanaume 3 kwa wanawake 2 wanatoa (210 + 160) ÷ 5 = 74, wawe watu 5 au 500. Na swali likiwa tu "je, wastani wa wote unazidi 75?", kauli "wanawake ni wengi kuliko wanaume" inatosha. Kauli "wanaume ni 18" haisaidii kitu peke yake, ingawa inaonekana na uzito kwa sababu ina namba ndani.

Mediani haichanganyiki hivyo, hata ukijua idadi zote. Kundi la 60, 70, 90 lina mediani 70. Kundi la 50, 80, 100 lina mediani 80. Yakiunganishwa: 50, 60, 70, 80, 90, 100, mediani 75. Sasa badilisha kundi la kwanza liwe 70, 70, 70. Mediani zake zimebaki 70 na 80, idadi ni zile zile, lakini muungano ni 50, 70, 70, 70, 80, 100 na mediani ni 70. Kitu cha uhakika ni kimoja: mediani ya pamoja haitoki nje ya mediani mbili za makundi. Kwa hiyo "je, mediani ya wote inazidi 85?" inajibika (hapana), na "mediani ya wote ni ngapi?" haijibiki.

Ukaguzi wa mwisho kabla ya kubofya

Kauli mbili kwenye maswali haya hazipingani kamwe. Kauli (1) ikikupa "ndiyo daima" na (2) ikakupa "hapana daima", umekosea moja. Rudi uangalie masharti kwanza, si hesabu.

Ukiona C imekuja kirahisi mno, ishuku. Kauli mbili zinazoungana kama funguo na kufuli mara nyingi zimetegwa hivyo, na moja yake inatosha peke yake kupitia sharti ulilolipita kwenye maelezo, mara nyingi "kamili" au "chanya".

Ukifika dakika mbili na nusu bila mwelekeo, chagua kwa kile ulichokwisha kukata, weka alama kwenye swali na uendelee. Mwishoni mwa sehemu, muda ukibaki, GMAT inaruhusu kubadilisha hadi majibu matatu.

Kwenye mazoezi, chukua kila swali ulilokosa na ulifanye tena mara tatu: mara moja ukiondoa neno "kamili", mara moja ukiondoa "chanya", mara moja ukiongeza "tofauti". Kila mara andika herufi mpya, na kwa kila kauli isiyotosha, seti mbili zinazothibitisha kuwa haitoshi.